Futi Tatu za Ukuta Wangu

Ukuta wenyewe haukuwa mkubwa. Kozi saba za tofali, na juu yake bati mbili za kuzuia jua. Niliujenga mwaka 2017, wateja walipoanza kuwa wengi na cherehani hazienei tena sebuleni. Fundi wa ujenzi aliniuliza msingi uanzie wapi, nikamwonyesha kwa ncha ya kandambili: hapa. Hapo palikuwa njiani, futi tatu kutoka unapoishia uwanja wa nyumba aliyotuachia baba.

Jioni mjumbe akapita, akasimama.

"Fundi, hapa si njiani?"

"Shikamoo mjumbe. Njia si hiyo unayopita?"

Akacheka, akaenda zake. Wiki ile nikampunguzia suruali mbili kiuno, nikakataa hela yake. Ndiyo ilikuwa rushwa yangu, nikiiita kwa jina lake.

Nakaa Dar es Salaam, upande wa Temeke. Mtaa sitautaja; tuliomo tunajuana. Nashona nguo za kike na sare za shule, nimefiwa na mume, nina watoto wawili na mama yangu mzazi. Nyumba ina vyumba sita, vitatu nimepangisha. Mita ya LUKU ni moja. Umeme wa vyumba vya wapangaji ulivutwa na kishoka, fundi asiye na leseni, niliyemleta mimi, kwa sababu alitaka robo ya gharama na alimaliza kazi kwa siku moja.

Ukuta wangu haukukaa peke yake muda mrefu. Aliye mbele yangu alisema kama Fundi kajenga na mimi najenga, akatoa karo la choo nje. Wa pili akaweka genge la nyanya, wa tatu akasogeza geti. Njia ambayo baba alipitishia lori la mchanga akijenga nyumba ikawa ya bajaji, baadaye ikawa ya bodaboda. Ilifika mahali tukipata msiba, jeneza linatoka kwa kuinamishwa ubavu pale kwenye kona yangu. Waliolibeba walinitazama, nikainamisha macho kama mfiwa. Hakuna aliyesema kitu, na mimi sikusema.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe.

Ilikuwa Juni 2022. Nilikuwa na kazi ya kichen pati, magauni ya kamati nzima, kitenge kimoja cha rangi ya chungwa. Saa mbili usiku nilikuwa nanyoosha gauni la tisa kwa pasi, umeme ukakatika. Nikatoka kutazama mita: uniti zimeisha. Zamu ya kununua ilikuwa ya mpangaji wangu mmoja, kijana anayefanya kazi za usiku. Nikapiga simu yake, haipokelewi. Nikasema basi, kesho. Nikafunga chumba cha cherehani, nikalala.

Pasi niliiacha palepale juu ya kitenge, uso chini, plagi ikiwa ukutani.

Kijana alirudi baada ya saa saba usiku. Alikuwa mwungwana, akaona nyumba iko gizani, akanunua uniti kwa simu, akaingiza tarakimu kwenye mita. Friji zikaanza kuguruma, taa ya nje ikawaka, akaingia kulala. Mambo mengine yote ya usiku ule nimejilaumu nayo. Hilo la kijana sijawahi kulitia kwenye hesabu, na namwomba naye alitoe kwenye yake.

Nilichoamkia ni harufu ya nywele kuungua. Halafu sauti kama mtu anarusha mawe juu ya bati. Nilipofungua mlango wa chumbani, moshi ulikuwa umeteremka hadi usawa wa kifua, na chini yake niliiona sakafu safi kabisa, kandambili za watoto zimepangwa. Niliwatoa watoto nikiwa nimeinama. Mama alilala chumba cha uani, na mlango wa uani ulikuwa na kufuli kwa sababu ya wezi. Ufunguo ulikuwa kwenye chumba cha cherehani.

Waliomtoa mama ni vijana wa kijiweni. Wale ambao mwezi wa tatu nilikwenda kuwasemea kwa mjumbe kwamba wanavuta bangi karibu na dirisha langu. Waling'oa nondo za dirisha kwa mtarimbo, wakampitisha mama kama mzigo wa kuni. Ni kweli pia kwamba usiku uleule cherehani yangu ya ovaloki, niliyofanikiwa kuitoa hadi nje, iliondoka. Aliyembeba mama na aliyebeba ovaloki walitoka kijiwe kimoja. Toka siku ile nikisikia mtu anasema "hawa vijana" kwa mkupuo mmoja, huwa namwangalia tu.

Bomba halikuwa likitoa maji siku hiyo. Majirani walichota kwenye simtanki ya nyumba ya pili kwa ndoo, wengine walimwaga mchanga. Mtu mmoja alipiga 112, akaelekezwa, mwingine akapiga 114. Tukakisikia king'ora kikija kutoka barabarani. Watu wakapiga makofi, wallahi, kama timu imefunga bao. Kikaja, kikaja, halafu kikasimama.

Kulia kiliendelea kulia. Kilichosimama ni kusogea.

Gari la zimamoto lina upana wa kama mita mbili na nusu. Kwenye kona ya ukuta wangu tulikuja kupima baadaye, ilibaki mita moja na sentimita themanini. Askari waliruka chini, wakaanza kuvuta mipira kwa miguu. Mpira wa kwanza ukaishia kwenye genge. Wakaunga wa pili. Mmoja wao alipita akikimbia, bega likagonga tofali zangu, akauliza bila kusimama, "Nani kajenga hapa?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimejifunga khanga moja. Sikujibu.

Maji yalipofika, paa lilikuwa limeshalala. Nyumba ya jirani yangu wa kushoto iliungua vyumba viwili. Hakufa mtu. Mama alilazwa siku tisa kwa ajili ya moshi alioumeza, na kifua chake hakijawa kile cha zamani. Asubuhi mkaguzi wa zimamoto alichokoa majivu ya meza kwa kijiti, akatoa kipande cha chuma, akakipangusa, akanionyesha. Ilikuwa sahani ya pasi.

Kuna jambo la aibu nataka nilisemee hapa. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua soko la Kariakoo, lile jengo alilolichora msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Januari 2022 likaungua soko la Karume, ambako nilikuwa nanunua vitambaa vya mitumba. Mara zote mbili nilikuwa hodari wa kusema. Serikali iko wapi? Zimamoto wanachelewa kila siku! Nilisema hayo nimekaa barazani kwangu, mgongo umeegemea ukuta ule.

Baada ya moto, shida ilikuja kwa zamu. Siku ya kwanza watu walikuja kwa pole. Siku ya tatu wakaanza kuja kwa vitambaa vyao. Niliandika kwenye daftari la mwanangu: vitenge vya kamati, lasi nyeupe ya bibi harusi, sare za shule jozi kumi na moja, koti la mchungaji. Hakuna aliyenitukana, lakini wapo waliokuja mara nne. Mtendaji wa mtaa alinipa barua, nikaenda nayo polisi kuandikisha taarifa ya upotevu, ndipo nikaanza kufuatilia kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Anayedhani barua ya serikali ya mtaa ni muhuri tu hajawahi kuunguliwa. Kwa wiki sita barua ile ilikuwa ndiyo jina langu.

Mtaa ulichanga. Mjumbe alipita na daftari nyumba kwa nyumba, zikapatikana shilingi 418,000, na yeye mwenyewe aliandika 20,000. Nilipoona jina lake nikakumbuka zile suruali mbili.

Nilishona kwenye cherehani ya kuazima, usiku, kwenye chumba ambacho jirani wa nyuma alitupa bila kodi kwa miezi mitano. Deni la vitambaa nililipa kwa jasho: nilimshonea mtu nguo tatu bure mpaka thamani ya kitambaa chake ikatimia. Kikundi chetu cha kina mama tuliomba ule mkopo wa halmashauri, wa asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambamo wanawake tuna nne, vijana nne na wenye ulemavu mbili. Fomu zilifika mbali, halafu Aprili 2023 mikopo yote ikasitishwa nchi nzima, ikarudi mwaka uliofuata. Tukarudi kwenye kikoba. Deni la mwisho, koti la mchungaji, nililimaliza Februari 2024. Alinipa soda.

Lakini kilichonitoa kweli gizani si fedha. Ni mkutano wa mtaa wa Septemba 2022.

Mwezi ule jiji lilikuwa limetikiswa na panya road, vijana wanaovamia nyumba kwa mapanga. Watu walijaa mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa kuliko siku ya kugawa vyandarua. Mwenyekiti alikuwepo, mtendaji, na mkaguzi wa polisi wa kata. Hoja ilikuwa moja, ulinzi shirikishi: kila kaya ichange shilingi 2,000 kwa mwezi, vijana wapewe filimbi, tochi na makoti, wazunguke kuanzia saa nne usiku. Mzee mmoja Msukuma alisimama akasema kwao sungusungu walianza hivyohivyo miaka ya themanini, kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, bila kumsubiri mtu. Akapigiwa makofi.

Halafu mtu wa nyuma akauliza, na moto je? Tumeunguliwa juzi hapa.

Mwenyekiti akasema moto ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, si wa mtaa. Mtendaji, binti mdogo ambaye wengi tulikuwa tunamdharau kwa umri, akanyoosha kidole. Akaeleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Zamani zimamoto wa mijini walikuwa chini ya halmashauri. Sheria namba 14 ya mwaka 2007 ndiyo iliyowaunganisha kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Lakini kibali cha ujenzi, ramani na mipaka ya njia vimebaki halmashauri, na jicho la halmashauri huku chini ni ofisi hii ya mtaa. Katiba yenyewe, ibara ya 146, inazipa serikali za mitaa kazi ya kuhakikisha sheria zinatekelezwa na wananchi wanalindwa. "Gari ni la jeshi," akasema. "Njia ni yetu."

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema ukuta wa kona ni wangu, nilijua ni njia, naubomoa mwenyewe kesho.

Nilitegemea watu watanionea huruma. Jirani yangu wa kushoto, aliyeunguliwa vyumba viwili, aligeuka akaniambia, "Kumbe ulikuwa unajua." Basi. Hakunisalimia kwa mwaka mzima na zaidi. Tulikuwa tunakutana bombani, anageuza ndoo. Sikumlaumu, wala sikuwahi kumwendea na wazee kuomba suluhu, maana suluhu ya haraka ingenifaa mimi kuliko yeye. Alinisalimia Idi el Fitri ya mwaka 2024, kwa mdomo wake, na mimi niliitikia kama vile tumeonana jana.

Ukuta niliubomoa. Tofali nilizitumia kuanzia chumba cha cherehani, ndani ya uwanja wangu. Wengine haikuwa rahisi hivyo. Mwenyekiti alipita na kamba ya mita nne na kopo la rangi nyekundu, akaweka alama ya X kwenye vibanda na kuta kumi na moja. Wanane walivunja wenyewe ndani ya miezi miwili. Mwenye geti alisema alishamalizana na mwenyekiti aliyepita. Mama wa genge alilia, na alikuwa na haki ya kulia, kwani genge lile lilisomesha. Kamati ya mtaa ikamtafutia nafasi pembeni ya uwanja. Mwenye karo la choo ndiye alitusumbua hadi mtendaji akapeleka jalada kwa mtendaji wa kata, na mgambo wakaja.

Nilimwona mwenyekiti wetu siku ile ya mgambo. Alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma, hatazami. Hapo ndipo nilipoielewa kazi yake. Polisi anahamishwa, askari wa zimamoto analala kambini, ila mwenyekiti wa mtaa anamkuta aliyembomolea dukani, msikitini, msibani. Tena kura yake imo ndani ya nyumba ileile anayotakiwa kuibomoa. Ndiyo maana wengi wanacheka wakapita, kama mjumbe wangu alivyocheka. Tunawaita wazembe. Wengine ni wazembe kweli. Lakini mtu anayetakiwa kumwambia jirani yake hapana, tena kila siku, hatujampa chochote cha kumkinga na jirani huyo.

Doria nayo ilianza kwa mguu mbaya. Wiki ya pili vijana walimkamata mtoto wa darasa la sita anatoka kuangalia mpira, wakampiga. Mkaguzi wa kata aliwaita wote, akawaandikisha majina upya, akawafundisha: unamkamata, unapiga simu, unamkabidhi. Hukumu si yako. Wawili waliondolewa. Niliingizwa kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa wakati huo, nadhani kwa sababu walitaka mtu ambaye hawezi kumnyooshea mwenzake kidole. Nilichoomba ni kwamba doria iwe na macho ya moto pia. Filimbi moja ndefu ni mwizi. Fupi tatu ni moto. Askari wa zimamoto walikuja Jumamosi moja, wakatufundisha kuzima mtungi wa gesi kwa blanketi lililolowa, wakatuambia moto wa umeme usimwagiwe maji kabla hujazima swichi kubwa. Kila aliyekuwepo alijaribu kwa zamu, na mjumbe wetu, na miaka yake sabini na kitu, alifunika ule mtungi vizuri kuliko vijana.

Tuliweka madumu ya mchanga kwenye kona sita. Mawili sasa hayana mchanga, kuna mtu anapiga plasta.

Nyumbani kwangu mita ni mbili, na nyaya zimewekwa na fundi mwenye leseni. Pasi naitumia ya mkaa. Wateja wananicheka, nami siwaelezi.

Agosti 2024, saa tano usiku, kibanda cha chipsi karibu na msikiti kilishika moto, mafuta yamemwagika kwenye jiko. Nikasikia filimbi fupi tatu. Nilipotoka, vijana walikuwa wameshakifunika kikaango, mwingine anamwaga mchanga, mwingine anazuia watu wasilete maji. Kulikuwa na yule ambaye siku zote nimemdhania ovaloki yangu. King'ora kikasikika barabarani. Nikasimama pale kona yangu ya zamani, viganja vinatoka jasho, nasubiri kisimame.

Kikapita mbele yangu. Taa nyekundu zikapiga kwenye madirisha yetu yote, gari likafika hadi kwenye kibanda chenyewe, askari wakashuka, wakakuta moto umekwisha. Wakatusainia kitabu, wakaondoka kwa kurudi nyuma, kwa sababu pa kugeuzia bado hatuna.

Mwenyekiti wetu hakurudi. Aliangushwa kwenye kura za maoni za chama chake, kabla hata ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024. Mwenye geti alisherehekea kwa spika. Siku hizi huyo aliyekuwa mwenyekiti anauza vifaa vya bomba, na nikimpitia ananiuliza kitu kimoja tu: "Fundi, kamba bado inapita?"

Wiki iliyopita nilikuta tofali kumi na mbili zimepangwa mbele ya nyumba ya tatu kutoka kwangu, upande wa njia, zimefunikwa turubai. Nilimwamkia mwenyewe, nikamuuliza za nini. Akaniambia, "Za muda tu, dada." Nimeshamwandikia mwenyekiti mpya, na nakala kwa mtendaji. Jumamosi saa nne asubuhi tunapita na ile kamba ya mita nne. Wewe unayesoma, toka nje upime ya kwenu. Namba ya Zimamoto ni 114, ni bure.